Fondyu ya jibini nyumbani Mwanza: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kila nikiwakaribisha marafiki kula fondyu barazani kwetu Pasiansi, wiki inayofuata simu haitulii. Mmoja anauliza jibini nimelipata wapi, mwingine anataka kujua kama mama mkwe wake asiyegusa pombe anaweza kula, wa tatu tayari yuko jikoni na sufuria imemharibikia. Nimechoka kujibu kipande kipande, nami naipenda mno hii kazi kiasi cha kutotaka mtu akate tamaa kwa kukosa maelezo. Nimeyakusanya maswali yote hapa, mengine jinsi yalivyoulizwa.

Fondyu ni nini hasa?

Ni jibini lililoyeyushwa polepole ndani ya divai, au maji mengine yenye uchachu, hadi likawa rojo zito linalong'aa. Sufuria inakaa katikati ya meza juu ya moto mdogo, na kila mtu anachovya kipande cha mkate kwa uma mrefu. Jina linatokana na neno la Kifaransa *fondre*, yaani kuyeyuka. Kwao ni Uswisi, hasa upande wa magharibi wanakozungumza Kifaransa, pamoja na majirani zao wa Savoie nchini Ufaransa.

Kitabu kimoja cha mapishi cha Zürich cha mwaka 1699 tayari kinaeleza namna ya kupika jibini kwa divai. Lakini kuitwa chakula cha taifa zima kulikuja baadaye sana. Ulikuwepo umoja wa jibini wa Uswisi, ulioanzishwa 1914 na kuvunjwa 1999, uliosimamia biashara yote ya jibini nchini humo. Miaka ya 1930 umoja huo uliitangaza fondyu kwa nguvu ili jibini linunuliwe, na Waswisi wakaipokea kama yao wote.

Dada, hiki si chakula cha wazungu tu? Wageni wangu wataona najikweza.

Walete mezani kwanza, halafu uwasikilize. Watu sita kuzunguka chombo kimoja, kila mmoja akichovya tonge lake na kumpisha mwenzake: hilo nani wa kanda hii atalifundishwa? Tumekua tukila ugali na sato kwenye sinia moja, mkono wa mtoto ukijifunza kutovuka mpaka wa mkono wa mkubwa. Mara ya kwanza nilipokula fondyu, kwa mwenzangu wa kazi aliyetoka Uswisi, kigeni kilikuwa kile kitoweo tu. Namna ya kukaa niliijua tangu utotoni.

Jibini gani linafaa, na Mwanza nalipata?

Waswisi hutumia Gruyère, Emmental na Vacherin Fribourgeois. Mchanganyiko unaopendwa sana kule Fribourg ni nusu Gruyère nusu Vacherin. Ukibahatika kuletewa na mtu anayesafiri, mshukuru. Lakini usisubiri hiyo siku.

Kwenye maduka makubwa ya katikati ya mji, Gouda na Cheddar ndizo unazoweza kuzitegemea zaidi. Mimi hutumia sehemu mbili za Gouda kwa sehemu moja ya Cheddar. Gouda inayeyuka laini, Cheddar inaleta ukali wa ladha. Cheddar peke yake inatoa mafuta upesi. Gouda changa peke yake inapooza mdomoni. Ukiwa na ndugu au rafiki anayetoka Njombe, mwagize. Kule nyanda za juu kusini wanatengeneza jibini, na kipande kilichokaa muda kikakomaa hufaa sana.

Jambo la kuangalia kuliko jina ni umri. Jibini lililokomaa kwa miezi kadhaa limeshalegea ndani, protini zake zimeanza kuvunjika, kwa hiyo likipata joto linatiririka. Mozzarella ni changa mno, itakupa nyuzi ndefu za kuvutika. Feta na halloumi haziyeyuki kabisa, hata ukikoroga mpaka usiku wa manane.

Nunua kipande kizima, ukwaruze mwenyewe kwa kikwaruzio cha karoti jibini likiwa bado la baridi. Lile linalouzwa likiwa limeshakwaruzwa hupakwa unga wa kuzuia lisigandane, na unga huo hulifanya rojo kuwa la chengachenga.

Sisi tuna ng'ombe. Nikigandisha maziwa kwa limao si napata jibini langu?

Unapata jibini zuri, ila si la fondyu. Lililogandishwa kwa maziwa ya moto na limao haliyeyuki. Ukilipasha linakaza zaidi na kutoa maji, na litabaki vidonge vidonge ndani ya sufuria. Likate vipande, ukaange kwa samli yako hiyohiyo mpaka liwe na rangi ya kahawia, uliweke pembeni kama kitafunwa. Wageni watalimaliza kabla fondyu haijafika.

Kiasi gani kwa watu sita?

Waswisi huhesabu gramu 200 za jibini kwa mtu, na wanakula hilo na mkate basi. Kwetu jibini ni ghali na mezani hakikosekani kitu kingine, hivyo gramu 150 kwa mtu zinatosha na watu wanashiba. Hiki ndicho kipimo changu:

Gouda iliyokomaa gramu 600, Cheddar gramu 300. Divai nyeupe isiyo tamu mililita 400. Maji ya limao kijiko kimoja cha chakula. Konifulawa (wanga mweupe wa mahindi, si sembe) vijiko viwili vya chakula. Punje mbili za kitunguu saumu, kungumanga ya kukwaruza kidogo, pilipili manga. Chumvi hapana, jibini lina yake ya kutosha.

Pasua kitunguu saumu, usugue sufuria yote ndani. Mimina divai na limao, weka motoni mpaka uone mvuke na vipovu vidogo pembeni, lakini isichemke kwa fujo. Changanya jibini lililokwaruzwa na konifulawa kwenye bakuli kubwa mpaka kila uzi upate unga. Sasa tia gao moja tu la mkono, koroga kwa mwiko ukichora namba nane, subiri liyeyuke lote, ndipo utie gao jingine. Itakuchukua robo saa, wakati mwingine dakika 20. Usikimbize. Likishakuwa rojo moja, liache litoe vipovu vichache vya polepole kwa dakika mbili ili konifulawa iive, kisha kungumanga na pilipili manga, na uhamishie mezani.

Kwa nini namba nane? Ni imani tu?

Si imani. Ukikoroga kwa mzunguko, rojo lote linazunguka pamoja na katikati hapaguswi, ndipo panaposhika. Namba nane inapita katikati kila mara. Hata kwenda na kurudi kama unasonga uji kunafaa, mradi mwiko uguse chini kote.

Wageni wangu ni Waislamu. Si pombe yote inaruka na mvuke?

Hairuki yote. Sehemu yake hubaki, na fondyu haipikwi muda mrefu. Kwa hiyo tafadhali usimwambie mgeni maneno hayo ili ale kitu ambacho asingekila. Pika bila divai tangu mwanzo, na umweleze ulivyopika.

Weka mililita 350 za supu nyepesi ya mboga au ya kuku isiyotiwa chumvi, pamoja na vijiko vitatu vya chakula vya maji ya limao. Ndimu inafaa pia. Kiasi hicho cha limao kinaleta uchachu unaokaribiana na ule wa divai, na uchachu ndio tunaoutafuta. Maziwa matupu hayawezi kushika nafasi hiyo. Mimi siku hizi hupika hivi mara nyingi kuliko kwa divai, maana meza yangu ina watu wa kila namna na sitaki sufuria mbili zigawanye wageni.

Angalia na karatasi ya jibini lenyewe. Baadhi ya aina hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, nyingine kwa kile cha mimea au vijidudu. Wapo wanaojali tofauti hiyo, na ni haki yao kuijua kabla ya kuchovya.

Na kama divai ni sawa kwetu, nichukue ipi?

Nyeupe, isiyo na sukari, yenye uchachu wa kusikika. Ya Dodoma inafaa, ilimradi chupa iseme ni kavu. Divai tamu ya madhabahuni itakupa jibini lenye ladha ya peremende.

Uchachu una kazi gani humo?

Protini ya jibini imeshikamanishwa na kalisi. Asidi ya divai au ya limao inaibandua sehemu ya hiyo kalisi, protini zinaachiana, na zikiachiana zinaweza kuyakumbatia mafuta na maji kwa pamoja. Konifulawa nayo inafanya rojo kuwa zito, na inazuia protini zisijikunje tena kuwa donge. Ukikosa kimoja, jibini linajigawa: mafuta juu, donge la mpira chini.

Nimetumia unga wa mahindi na imekuwa uji. Kosa langu nini?

Kosa si lako, ni la jina. Konifulawa ni wanga mtupu wa mahindi, ule mweupe laini kama poda ambao watu hutumia kwenye kastadi na keki, na ukiubana kwa vidole unalia kama theluji ya friji. Sembe ni punje iliyosagwa, ina vitu vingine ndani yake, hubaki na chengachenga na kuhitaji kuiva muda mrefu. Udaga usiuweke kabisa. Ni unga wa muhogo uliovundikwa, una harufu yake, na harufu hiyo inapendeza kwenye ugali tu. Ukikosa konifulawa, wanga wa viazi unafaa kwa kipimo hichohicho.

Imekatika! Mafuta yanaelea juu. Nimwage?

Usimwage. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, mara nyingi kwa sauti ya mtu aliye karibu kulia huku wageni wanapiga hodi, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Karibu kila mara sababu ni moto. Jibini halihitaji joto kubwa. Mafuta yake yanalegea kabla hata maji ya kuoga hayajawa ya moto sawasawa, na protini zinahitaji joto zaidi ya hapo kidogo. Likipewa moto wa kupikia maharage, protini zinajikaza kwa ghafla na kukamua mafuta na maji nje, kama nguo inavyokamuliwa. Fondyu yangu ya kwanza niliipika kwa mkaa uliokolea, nikatia jibini lote kwa mpigo, nikageuka kupokea wageni. Niliporudi ilikuwa donge linaloogelea kwenye mafuta. Tulikula viazi na achari siku ile, na nililala nikiwaza gharama ya lile jibini.

Sasa najua la kufanya. Ondoa sufuria motoni mara moja. Koroga kijiko kimoja cha chai cha konifulawa kwenye vijiko viwili vya maji ya limao, mimina ndani, rudisha kwenye moto mdogo kabisa, na koroga kwa nguvu, hata kwa mchapo wa mayai. Mara nyingi linarudi ndani ya dakika mbili au tatu.

Lisiporudi, tia vipande viwili vitatu vya jibini la kusindika, yale ya slesi au ya pembetatu yaliyofungwa karatasi ya fedha. Hayo yametiwa chumvi maalumu zinazoshikanisha mafuta na maji, na hizo chumvi zitafanya kazi kwenye sufuria yako nzima. Kuna wapishi wanaoyadharau. Mimi nina pakiti moja kwenye friji kila siku ninayoalika watu, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Imekuwa nzito mno, au nyepesi mno?

Nzito: ongeza divai au supu iliyopashwa moto, kijiko kwa kijiko. Ya baridi italishtua. Nyepesi: ongeza gao la jibini, au konifulawa kidogo iliyokorogwa kwenye maji ya baridi.

Sina chombo cha fondyu. Nitumie nini?

Chombo chao kinaitwa *caquelon*, ni chungu kipana cha udongo au chuma kizito chenye mpini. Kinachotakiwa ni kitako kizito kinachosambaza joto taratibu. Sufuria nyepesi ya bati inaunguza mahali pamoja huku kwingine kumepoa. Sufuria nzito ya chuma ni bora. Chungu cha udongo kilichokwisha kuzoea moto kinafaa vizuri sana, ila jibini liyeyushe kwanza kwenye sufuria ndipo umimine kwenye chungu kilichopashwa, kisije kikapasuka.

Moto wa mezani: ule mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu ni mrefu na moto wake ni mkali, sipendi kuuona mezani kati ya watoto. Njia yangu ni sufuria ndani ya sufuria. Chukua sufuria pana, tia maji yaliyochemka, ikalishe ile ya jibini humo, na yote uweke mezani juu ya ubao. Inakaa laini kama dakika 20 bila moto wowote, kisha unabadilisha maji kutoka kwenye chupa ya chai. Hapa joto letu linatusaidia. Kule kwao wanakula wakati wa theluji na sufuria inapoa haraka. Jioni ya Mwanza haipoozi kitu kwa pupa.

Ukipenda mkaa, tumia vipande vichache vilivyoingia majivu, na mkae nje. Mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Hilo usilifanyie mzaha hata mvua ikinyesha. Hamisha chakula, usihamishe jiko.

Uma mrefu ukikosekana, vijiti vya mishikaki vinatosha.

Mwanza kuna joto. Kweli mtu anaweza kula jibini la moto?

Watu wanakunywa supu ya sangara ya moto saa saba mchana pale soko la samaki la Mwaloni, jasho likiwatoka, na wanaifurahia. Ila mimi huanza saa kumi na mbili jioni, upepo wa ziwa ukiwa umeshaanza kupanda. Kuna jambo moja ambalo huwafurahisha wageni wangu: mji wa Gruyères wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita mia nane na kidogo, na Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100. Tuko juu kuliko wao.

Upande wa pili wa kula nje ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaonyanyuka majini kama moshi, hasa mwezi unapoandama. Wanafuata mwanga. Siku hizo washa taa mbali na meza, upande mwingine wa uwanja, nao watakwenda huko. Na sufuria iwe na mfuniko karibu.

Tuchovye nini?

Mkate kwanza. Uwe mzima wenye ganda gumu, wa jana, si ule wa slesi laini ambao ukigusa jibini unayeyuka. Ukate vipande vya kuingia mdomoni mara moja, kila kipande kikiwa na ganda upande mmoja, na uma uchome kupitia ganda. Gramu 150 kwa mtu.

Viazi mviringo vidogo vilivyochemshwa na maganda yake ndivyo Waswisi wenyewe wanavyovipenda. Lakini ngoja nikwambie kitu ambacho sitakiacha tena: matobolwa. Tunajua wote kwamba michembe hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi, na matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Haya ya pili yana utamu uliokolea na ugumu wa kutafunika. Yaloweke kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, yapitishe kwenye mvuke dakika kumi, uyachovye. Utamu wa kiazi na chumvi ya jibini vinakutana mahali ambapo mkate haufiki. Shangazi yangu kutoka Magu, aliyekuja akisema yeye maziwa yaliyooza hali, alibaki upande huo wa sahani mpaka mwisho.

Ndizi za Bukoba zilizochemshwa zikiwa mbichi zinafaa, zikaushwe maji vizuri. Karoti na brokoli zilizochemshwa nusu, hoho, uyoga uliokaangwa. Tofaa lililokatwa vipande ni zuri kuliko unavyodhani. Maandazi yana sukari, niliyajaribu na sikuyapenda. Chapati inajikunja na kudondoka.

Pembeni weka kachumbari yenye ndimu nyingi na achari ya embe. Waswisi huweka matango madogo na vitunguu vya siki kwa sababu hiyohiyo: mafuta yanahitaji kitu cha kuyakata.

Na samaki? Tuko ziwani, jamani.

Nimejaribu mara tatu. Sato anavunjika ndani ya sufuria, na baada ya hapo kila mkate una harufu ya samaki. Mkaange, umweke kwenye sahani yake, aliwe kabla. Dagaa waliokaangwa wakakauka ni kitafunwa kizuri cha kusubiria jibini liyeyuke.

Nyama?

Vipande vya nyama ya ng'ombe iliyochomwa, sawa. Kwa nyama ya kitimoto uliza wageni kwanza, na ikiwa mmoja hali, isiingie kwenye sufuria ya pamoja.

Tunywe nini? Nasikia maji ya baridi yanagandisha jibini tumboni.

Hiyo hofu iko hata Uswisi. Wengine kule hunywa divai nyeupe au chai ya rangi tu. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika Zürich: watu wazima 20 wenye afya walikula fondyu, siku moja kwa divai, siku nyingine kwa chai ya rangi, na tumbo likapimwa. Pombe ndiyo iliyochelewesha tumbo kutoa chakula. Chai haikufanya hivyo.

Basi chemsha chai ya rangi yenye tangawizi na mchaichai, sukari kidogo. Hakuna kinywaji kinachokaa vizuri zaidi na chakula hiki, na tunacho kila nyumba.

Mimi maziwa yananivuruga tumbo. Nijihadhari?

Kinachowavuruga wengi ni sukari ya maziwa, laktosi. Jibini lililokomaa kama Gruyère, Cheddar au Gouda ya miezi mingi limebakiwa na kidogo sana, kwa sababu nyingi iliondoka na maji ya maziwa na iliyobaki ikaliwa na vijidudu vya kukomazia. Wengi wasioweza kunywa glasi ya maziwa hulila bila shida. Anza na vipande vichache. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ni habari nyingine: asile kabisa.

Kuchovya sufuria moja si kubadilishana mate?

Uma wa kuchovya hauingii mdomoni. Unachovya, unazungusha ili uzi wa jibini ukatike, unashusha kipande kwenye sahani yako, unakula kwa uma wa pili. Waeleze wageni mwanzoni, wakati wa kunawisha mikono, na mwenye mafua apakuliwe bakuli lake pembeni. Hakuna atakayeudhika ukisema mapema na kwa upole.

Nani aanze?

Kwao hakuna anayeangalia. Kwangu mimi mkubwa kuliko wote mezani ndiye anayechovya wa kwanza, na tukiwa na mgeni wa mbali, mkubwa humpa yeye nafasi hiyo. Sijawahi kuona sababu ya kubadilisha.

Mkate ukidondokea ndani?

Uswisi aliyedondosha hutozwa adhabu, kama kununua chupa au kuimba. Sisi aliyedondosha anatoa hadithi ya kwao. Usiku mmoja kijana wa Ukerewe alidondosha mara nne na tukakesha.

Watoto wakae mezani?

Wakae, ila jibini la moto linanata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza, tofauti na maji yanayotiririka. Wapakulie kwenye vibakuli, walisubiri lipoe. Na siku wakiwepo, pika ile isiyo na divai.

Nikinunua mapema na umeme ukakatika?

Jibini gumu ni mvumilivu kuliko maziwa. Saa kadhaa bila friji halitaharibika. Litatoa jasho la mafuta, ulifute. Lifunge kwa karatasi, kisha ndani ya chombo chenye mfuniko, na ulinunue siku moja au mbili kabla, si wiki.

Fondyu ya chokoleti ni kitu kilekile?

Ni mjukuu wake, alizaliwa New York miaka ya 1960 kwenye mgahawa wa Mswisi. Vipande vya embe na ndizi mbivu ndani yake ni raha. Usiziandae zote mbili usiku mmoja, matumbo hayatawaelewa.

Kile kilichoshika chini ya sufuria nikikwangue nikitupe?

Usithubutu. Huo ni ukoko, na kama ulivyo ukoko wa wali, ndio wenye mashabiki wake. Waswisi wanaozungumza Kifaransa wanauita *la religieuse*, yaani mtawa wa kike. Rojo likibaki kama unene wa kidole, acha moto mdogo dakika chache bila kukoroga, mpaka chini kuwe na rangi ya dhahabu iliyokolea. Zima, bandua kwa mwiko wa mbao, ugawe sawa kwa wote waliokaa. Kwangu aliyekuja mapema kunisaidia kukwaruza jibini hupata kipande cha katikati.

Baada ya hapo loweka sufuria kwenye maji ya baridi. Ya moto yatalifanya jibini ling'ang'anie chuma.

Na rojo likibaki?

Kwenye friji, chombo kimefungwa. Asubuhi litakuwa limeganda kama siagi. Pasha chapati kwenye kikaango mpaka ipate moto pande zote mbili, paka vijiko viwili vya hilo jibini, tia vitunguu na pilipili kichaa vilivyokatwa vidogo, ikunje katikati, ifunike dakika moja kwa moto mdogo. Kula na ile chai ya tangawizi iliyobaki kwenye chupa.